Rangi ya Bunduki Haibadili Risasi

Askari aingiaye Jinja kutoka Kampala huvuka mto Nile, na punde si punde hujikuta Nalufenya. Ng'ambo ya mto, huko Njeru, kipo kiwanda cha nguo ambacho wazee hukiita Nytil mpaka leo, kiwanda cha zama zile zile za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya kupiga chapa vitambaa anaijua siri moja ndogo. Mchoro huchorwa mara moja tu, kisha hurudiwa juu ya jora zima. Fundi akija na mkasi wake, hapa hukata kifua na pale hukata mguu. Kwa hiyo magwanda mawili ya mabaka, yaliyotoka katika jora moja, hayalingani: baka lililo begani kwa huyu liko gotini kwa yule.

Siri hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika mchezo wa kompyuta unaopendwa na vijana wengi, na baadhi ya askari wakiwa nje ya zamu. Mchezo huo ni Counter-Strike, wa kampuni ya Valve ya Marekani. Tangu Agosti 2013, mchezaji anaweza kuivika silaha yake pambo ambalo wachezaji huliita skini. Pambo hilo ni picha bapa inayokunjwa juu ya umbo la bunduki, mfano wa kitambaa juu ya mwili. Na kwa kuwa ni picha tu, picha moja huvikwa silaha nyingi. Mchoro uitwao Safari Mesh umo katika AK-47, ile ambayo askari wetu wamezoea kuiita SMG, na umo pia katika bunduki ya mdunguaji. Mchoro wa Forest DDPAT, wenye vibaka vya mraba vinavyokumbusha sare za Kanada na za askari wa majini wa Marekani, umo hata katika visu.

Mpenzi wa mchezo huo atauliza: ikiwa mchoro ni mmoja, mbona bei hazilingani? Jibu liko katika mkasi wa fundi. Kompyuta huipa kila skini namba ya mbegu, kuanzia 0 hadi 1000, na namba hiyo huamua ni kipande kipi cha picha kitakachoangukia mtutu na kipi kitakachoangukia kitako. Namba nyingine, iliyo kati ya 0 na 1, huonyesha uchakavu. Ikiwa chini ya 0.07, silaha huonekana mpya, ikizidi 0.45, huonekana imekwanguka kabisa. La ajabu ni kwamba uchakavu huo hauongezeki hata silaha ifyatuliwe mwaka mzima.

Mfano mashuhuri ni mchoro wa Case Hardened, wenye mabaka ya buluu, zambarau na manjano. AK-47 yenye mbegu namba 661, ambayo sehemu yake ya juu imejaa buluu, imeuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Hata hivyo, hupiga sawasawa na ile isiyo na pambo lolote. Shabaha haibadiliki, risasi haibadiliki, na magazini haiongezewi hata risasi moja.

Hapa yatupasa tutulie kidogo, kwa maana rangi hizo zina asili yake ya kweli. Mafundi wa bunduki wa zamani walizitia sehemu za chuma laini ndani ya sanduku la mkaa wa mifupa, wakazipasha moto kwa saa nyingi mpaka chuma kikanywa kaboni, kisha wakazitumbukiza majini. Ganda la nje likawa gumu, ndani kukabaki na ulaini usiovunjika, na juu yake yakajitokeza mabaka ya buluu na manjano. Kwa fundi yule, rangi ilikuwa shahidi wa kazi iliyofanyika. Katika mchezo, imebaki rangi bila kazi.

Rangi bila kazi ina hasara zake. Skini nyingi hupatikana kwa kununua ufunguo na kufungua sanduku ambalo mnunuzi hajui kilichomo. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari. Kwetu Uganda, sheria ya mwaka 2016 haimruhusu mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Lakini mtoto akishika simu ya baba yake, nani atamwuliza umri? Tena mali hiyo haina mizizi. Oktoba 2025 kampuni ilibadili kanuni moja tu, na bei za visu vya thamani zikaporomoka kwa siku chache. Askari aliyeweka mshahara wake humo hakuwa na pa kulalamika.

Wala kosa la kutegemea mchoro si la watoto peke yao. Mwaka 2004 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua mchoro mmoja wa kijivu utumike mjini, jangwani na msituni. Kumbe mchoro uliokusudiwa kufaa kila mahali haukufaa ipasavyo popote. Mwaka 2010 askari waliokwenda Afghanistan walianza kupewa mchoro mwingine, na ule wa kijivu ukaondolewa kabisa mwaka 2019.

Ndugu askari, sare zetu nazo ni mchoro. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na vifaa vya jeshi bila idhini, na tangazo la Gazeti la Serikali la Septemba 2019 liliyataja mavazi yenyewe. Sheria hiyo ina maana, kwa sababu kitambaa hakimjui anayekivaa. Kwa hiyo katika kizuizi cha usiku, mabaka yasikutoshe. Ulizia kitambulisho, kikosi na amri aliyopewa.

Na sisi wenye haki ya kuzivaa tujikague pia. Kituo cha polisi cha Nalufenya kilikuwa mahabusu maalumu, na mwaka 2017 majeraha ya baadhi ya waliozuiliwa humo yalizungumzwa mbele ya taifa, ingawa sheria ya kukataza mateso ilikuwapo tangu 2012. Aprili 2018 Mkuu wa Polisi, Okoth Ochola, aliamuru mahabusu hiyo maalumu ifungwe. Waliohudumu humo kwa uadilifu walivaa nguo ile ile, na aibu haikuwachagua. Doa la mmoja huonekana kwa wote, kwa maana wote wamekatwa katika jora moja.

Anayependa mchezo na acheze, ilmradi mshahara ufike nyumbani kwanza. Lakini akumbuke fundi yule wa mkaa wa mifupa: chuma hupita motoni kwanza, ndipo rangi ifuate.