Rangi ya Kiwandani Hairudi

Gari linaloteremshwa melini bandarini Dar es Salaam kwa safari ya Zambia au Lubumbashi mara nyingi huendeshwa lenyewe hadi mpakani. Dereva wa IT, yaani wa magari yanayopita tu nchini kwenda nje, hulitoa bandarini, akashika barabara ya Morogoro, akapita Mikumi, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900 nyuma ya malori ya mizigo. Mwenyewe anapolipokea, viti bado vimevikwa nailoni, lakini ukingo wa boneti na uso wa bampa tayari vina vidoa. Lawama ya kwanza huiangukia rangi: magari ya siku hizi yamepakwa rangi nyepesi, ya zamani ndiyo yalikuwa magari.

Lawama hiyo ina ukweli nusu. Rangi ya gari jipya ni nyembamba kweli, ila wembamba wake umepimwa, na sehemu yake yenye thamani kuliko zote ni ile ambayo mnunuzi haioni kamwe pale shorumu. Akiifahamu, atapunguza kuhangaikia mng'aro na kuanza kuuliza kila kidoa kimeingia kina gani.

Bodi inapozamishwa

Bati la magari mengi ya leo hufika kiwandani likiwa limeshapakwa zinki. Bodi ikishachomelewa na kuwa kitu kimoja, huoshwa mafuta yote, kisha hupitishwa kwenye dawa ya fosfeti inayootesha fuwele ndogondogo juu ya bati ili rangi ipate pa kushika. Baada ya hapo bodi nzima huzamishwa kwenye birika lenye epoksi iliyochanganywa na maji, ikiwa imeunganishwa na umeme wa volti mia kadhaa. Chembe za rangi zina chaji chanya, bodi ina chaji hasi. Chembe huvutwa na kuganda juu ya chuma.

Uzuri wa njia hii ni kwamba umeme hujipangia kazi wenyewe. Mahali palipokwisha kufunikwa hupitisha umeme kidogo, kwa hiyo chembe zinazofuata huelekea kule ambako chuma bado kiko wazi: ndani ya milango, kwenye mikunjo ya bati, kwenye pembe ambazo bunduki ya rangi haifiki. Linalobaki ni tabaka la mikroni 20 hivi, sawasawa karibu kila mahali, ambalo huokwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 160 hadi 180 mpaka likakamae.

Ford ya Marekani ndiyo iliyoanza kuzamisha magari kwa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo bodi ndiyo iliyokuwa upande wa chaji chanya, na sehemu ya chuma iliyeyuka ikaingia ndani ya rangi na kuidhoofisha. Mwaka 1976 kampuni ya PPG ikaleta kwenye magari mfumo uliogeuza pande za umeme, na kinga dhidi ya kutu ikapanda ghafla. Leo karibu kila kiwanda kikubwa cha magari kinafuata njia hiyo.

Juu ya tabaka hilo huja praima, mikroni 30 hivi. Kisha rangi yenyewe, mikroni 15 au 20. Na mwisho vanishi isiyo na rangi, mikroni 40 hadi 50. Jumla ni mikroni 100 hadi 130, unene wa karatasi moja ya kuchapishia. Ile rangi iliyomfanya mteja achague buluu badala ya fedha ndiyo tabaka jembamba kuliko yote, na mng'aro anaousifu hautoki kwenye rangi hiyo. Unatoka kwenye vanishi.

Pigo la kokoto

Watu husema jiwe limeruka likaligonga gari. Mara nyingi kinachotokea ni kinyume chake. Gurudumu la lori hulinyanyua jiwe kutoka kwenye lami, jiwe likabaki hewani kwa muda mfupi, na gari linalofuata likalivamia kwa kasi yake lenyewe. Ndiyo maana mwendo wako una uzito kuliko mwendo wa jiwe.

Nishati mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kokoto ile ile ukiivamia kwa kilomita 100 kwa saa inakupiga mara nne ya pigo la kilomita 50. Ukishuka kutoka 100 hadi 80, umepunguza kasi kwa asilimia 20, lakini pigo limepungua kwa asilimia 36. Nishati hiyo yote hutua kwenye ncha ya jiwe, na huko eneo la mguso ni dogo mno.

Sasa fundi wa kemia anakutana na mtihani wake. Akitengeneza vanishi ngumu sana, itastahimili mchanga na vitambaa vya kuoshea gari, lakini itapasuka ikigongwa. Akiifanya laini, itapokea pigo lakini itajaa mikwaruzo. Kwa hiyo kazi hugawanywa: vanishi huwa ngumu, praima iliyo chini yake huwa na unyumbufu kidogo wa kumeza pigo, na epoksi ya chini kabisa hung'ang'ania chuma hata kama zilizo juu yake zimeng'oka. Kwenye vizingiti vya chini ya milango, magurudumu yanaporushia changarawe moja kwa moja, viwanda vingi huongeza tabaka nene kama mpira.

Mgawanyo huo hupimwa kwa ukatili. Kipimo cha Marekani kiitwacho SAE J400 hurusha kokoto kwa hewa ya kompresa kwenye bati lililopakwa rangi. Mpimaji hubandika utepe wa gundi, akauvuta ili rangi iliyolegea itoke, kisha akahesabu vidoa kwa wingi na ukubwa. Kipimo cha kimataifa, ISO 20567, hutumia chembe za chuma zenye ncha kali badala ya kokoto. Hakuna rangi inayotoka hapo bila jeraha. Swali ni jeraha limeishia wapi.

Somo la miaka ya 1980

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji wakubwa wa Marekani waliuza magari mengi yasiyokuwa na praima ya kati. Rangi ilipulizwa moja kwa moja juu ya epoksi. Yalitoka kiwandani yaking'aa kama mengine. Baada ya miaka michache ya jua, rangi ilianza kubambuka kwa mapande makubwa kwenye boneti na paa, hasa magari ya buluu, kijivu na fedha.

Epoksi ni hodari wa kushika chuma na kuzuia kutu, lakini haivumilii miale ya urujuanimno. Mwanga ulipenya vanishi na rangi, ukafika kwenye uso wa epoksi na kuugeuza kuwa kama unga, na kila kilichokuwa juu yake kikakosa pa kushika. Kumbe praima, pamoja na kupokea mapigo, ilikuwa ikiikinga epoksi na jua. Viwanda kadhaa vya leo vimeiondoa tena kama hatua ya pekee, ili kuokoa nishati ya tanuri, lakini safari hii kazi zake zimehamishiwa kwenye tabaka za rangi yenyewe, na vanishi hutiwa kemikali zinazofyonza miale hiyo. Kwa nchi zilizo kwenye ikweta, ambako jua la saa sita huwa juu sana mwaka mzima, jambo hilo si dogo.

Kisome kidoa

Osha gari, likauke, kisha kitazame kidoa kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Utaona duara ndani ya duara. Pembeni kuna ukingo angavu wa vanishi iliyovunjika. Ndani yake utepe mwembamba wa rangi. Kisha praima, nyeupe au kijivu. Ikiwa katikati pameishia hapo, au kwenye epoksi ya kijivu iliyokolea au nyeusi, chuma bado kiko salama na una muda. Ukiona mng'ao wa bati tupu, muda umeanza kuhesabika. Ukiona ukahawia, kutu imeshaingia.

Hata bati likiwa wazi, zinki hujitolea: huliwa yenyewe kwanza, na chuma jirani kikapona kwa muda. Lakini zinki ni chache na huisha. Hewa ya bahari ya Mombasa, Tanga au Unguja ina chumvi inayoharakisha mambo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo huinua rangi kutoka chini na kujifungulia njia ya kwenda mbele. Kidoa cha milimita mbili kilichoachwa hugeuka uvimbe wa ukubwa wa shilingi.

Bampa ni habari nyingine. Ni la plastiki, halina kutu, na vidoa vyake havidhuru kitu ila macho.

Kuzuia na kuziba

Kinga ya bei rahisi ni umbali. Jiwe lililorushwa juu mita moja na robo hurudi chini baada ya sekunde moja. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari lako hupita mita 22 katika sekunde hiyo. Ukilifuata lori kwa sekunde tatu, yaani mita 67, mawe mengi yatakuwa yameshatua kabla hujafika.

Dukani kinachozuia kokoto kweli ni plastiki angavu ya poliurethani, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200, inayobandikwa kwenye boneti, bampa na ncha za mbele za madigadi. Kabla ya kuzoeleka kwenye magari, plastiki ya jamii hii ililinda makali ya mapanga ya helikopta. Ni nene kuliko rangi yote iliyo chini yake, na unyumbufu wake humeza pigo. Ni ghali, lakini sehemu ya mbele pekee inatosha kwa watu wengi. Seramiki inayopakwa kwa kitambaa ni kitu kingine: ina mikroni chache tu, husaidia maji na uchafu viteleze, lakini mbele ya kokoto haina msaada. Waksi ni vivyo hivyo.

Kidoa kilichofika kwenye bati kinazibwa kwa mkono. Namba ya rangi imeandikwa kwenye kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwa Toyota, itafute karibu na herufi C/TR. Namba 040, kwa mfano, ni ile nyeupe ya Toyota iliyojaa barabarani. Kwangua kutu yote kwa ncha ya msasa, futa kwa spiriti, dondosha praima ya epoksi kwa ncha ya kijiti, iache ikauke, kisha rangi, kisha vanishi, kila moja nyembamba. Kwa karibu kidoa kitaonekana. Kutu haitaingia.

Kosa kubwa ni kulipeleka gari lote gereji lipigwe rangi upya kwa sababu ya vidoa kumi. Msasa wa fundi ukifika kwenye bati umeondoa epoksi ya umeme, na hakuna gereji yenye birika la kuzamishia gari. Wala halitaokwa tena kwa nyuzi 170, maana sasa lina nyaya, mipira na plastiki. Tanuri la gereji nzuri huishia nyuzi 60 hivi, na rangi hukakamazwa kwa hadina. Fundi hodari atapata mng'aro sawa na wa kiwandani. Kinga ya chini hawezi kuirudisha.

Wanunuzi wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana huja na kipimo cha unene wa rangi. Boneti inayosoma mikroni 110 yenye vidoa vitatu vilivyozibwa kwa mkono bado ina kila kitu ilichopewa kiwandani. Ile inayong'aa bila doa na kusoma 350 imeshapigwa rangi upya, na muuzaji ana swali la kujibu.