Jeni za Kiinitete na Uvimbe wa Taya

Istilahi ya seli shina humfanya msomaji afikirie mti, na taswira hiyo si mbaya. Kiinitete cha siku chache kina seli ambazo bado hazijachagua kazi: zaweza kuwa damu, mfupa au neva, nazo hujigawa bila kuchoka. Uwezo huo hutawaliwa na jeni maalumu ambazo, seli inapokomaa, nyingi hunyamazishwa au hupunguziwa nguvu. Je, zikiamka mahali pasipo pake?

Mfano ulio jirani na wakazi wa Keshero ni uvimbe wa Burkitt. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani iliyovimbisha taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika. Ilibainika kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, na katika Afrika Mashariki huadimika juu ya mita 1,500 hivi. Keshero iko karibu na kimo hichohicho. Lakini jambo hilo lisimpumbaze mtu, maana mbu hajui rula, na watoto husafiri. Malaria huuchochea uvimbe huu, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka 1964.

Siri ya ndani ilifichuka mwaka 1982. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kuungana, mara nyingi, na kromosomu ya 14, kando ya jeni ziundazo kingamwili. Hizo hufanya kazi daima katika seli B. MYC ikiwa jirani yao, nayo haizimwi tena.

MYC hiyohiyo hushughulika sana katika seli shina za kiinitete. Mwaka 2006 Takahashi na Yamanaka, huko Kyoto, walizirudisha seli pevu za panya katika hali kama ya kiinitete kwa jeni nne, MYC ikiwamo. Mwaka 2007 ilionekana kuwa takriban mmoja kati ya watoto watano wa panya waliotokana na seli hizo alipata uvimbe, kwa kuwa MYC iliyopandikizwa iliamka.

Hata hivyo, kusema kwamba saratani ni seli iliyorudi tumboni ni kutia chumvi. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mfanano wa saratani na seli za kiinitete hutokana zaidi na kundi la jeni za MYC, si na zile zinazoipa seli uwezo wa kuwa chochote.

Mfasiri naye awe mwangalifu. Mzazi akiambiwa "jeni ya kiinitete" atadhani kosa lilikuwa katika mimba, ilhali mkatiko huo hutokea katika seli moja ya mtoto mwenyewe, wala haurithiwi. Afadhali aelezwe lenye manufaa: taya likivimba, au meno yakilegea kabla ya wakati wake, mtoto apelekwe hospitali upesi. Seli za uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kasi hiyohiyo ndiyo inayozifanya zidhurike haraka kwa dawa kama siklofosfamidi.