Kukosa Maumivu Si Kuwa Mzima

Ndugu mfanyakazi, ukiulizwa habari ya afya yako, wajibu: «Siumwi kitu, niko mzima.» Jibu hilo halitoshi. Katiba ya Shirika la Afya Ulimwenguni, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya si kukosa ugonjwa tu. Ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na wenzako.

Tazama vumbi la mawe. Vumbi laini lisiloonekana kwa macho ndilo linaloshuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Waweza kulivuta miaka 10 na zaidi bila kusikia kitu. Siku pumzi inapokuwa fupi, mapafu yamekwisha kupata makovu, wala hakuna dawa ya kuyaondoa. Tena mapafu hayo hushikwa upesi na kifua kikuu, ambacho chaweza kuambukiza watoto nyumbani.

Basi, usingoje kuumwa:

— Toboa jiwe kwa maji, usitoboe pakavu.

— Vaa maski inayoshika uso vizuri. Kitambaa hakizuii vumbi laini.

— Ukiitwa kupigwa picha ya kifua, nenda, hata ukijiona mwenye nguvu.

— Acha tumbako.

Nawe mama, usikung'ute nguo za kazi ndani ya nyumba. Zitie majini kwanza.

Pumzi unayoilinda leo ndiyo utakayotembea nayo pamoja na wajukuu, siku utakapoacha kazi kwa uzee.