Mwalimu na Mtoto wa Dawati la Nyuma

Chukua ripoti ya muhula ya mwanafunzi aliyeshika nafasi ya 61 kati ya 64. Kwenye mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa utakuta maneno mawili: "Aongeze bidii." Kazi yangu ni kuwafundisha walimu tarajali, na huwa napenda kuwauliza maneno hayo yanamwagiza mtoto afanye nini kesho asubuhi. Kama hajui kugawanya kwa tarakimu mbili, bidii aiongeze wapi? Darasa hucheka, kisha hunyamaza. Wengi wao waliwahi kuandikiwa hivyo, na wakishaajiriwa nao wataandika hivyohivyo.

Je, mwalimu anaweza kumwachia mtoto huyo kitu chochote, na kama anaweza, kinadumu kwa muda gani? Zamani tulilijibu swali hili kwa hotuba za mahafali. Siku hizi kuna ushahidi wa kutosha wa kulijibu kwa takwimu, na majibu yake si yale ambayo ofisi nyingi za walimu wakuu zingeyategemea.

Mwaka 2014 wachumi watatu wa Marekani, Raj Chetty, John Friedman na Jonah Rockoff, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya milioni moja tangu shule hadi utu uzima, wakioanisha kumbukumbu za shule na za kodi. Watoto waliowahi kupangiwa mwalimu hodari walijiunga na vyuo kwa wingi zaidi, walipata kipato kikubwa zaidi ukubwani, na wasichana miongoni mwao hawakupata mimba za utotoni kwa kiwango cha wenzao. Lakini katika safari hiyo yote kuna jambo linalotatiza: alama ambazo mwalimu huyo alizipandisha zilififia sana ndani ya miaka michache. Ukiwapima watoto wale miaka mitatu au minne baadaye, ungedhani kazi yake imepotea. Halafu wanapokaribia miaka thelathini athari inaibuka tena, safari hii kwenye mishahara yao.

Kitu gani kilikuwa kikisafiri chini kwa chini wakati alama zikififia? Sehemu ya jibu ilikuja mwaka 2018 kutoka kwa mchumi mwingine, Kirabo Jackson, aliyechunguza walimu wa darasa la tisa katika jimbo la North Carolina. Hakuishia kwenye mtihani. Alitazama utoro, kusimamishwa masomo, alama za kazi za darasani na kuvuka darasa kwa wakati. Aligundua kwamba walimu wanaoboresha mambo hayo mara nyingi si walewale wanaopandisha alama za mtihani, na kwamba walimu wa kundi hilo la kwanza ndio hasa wanaobadili uwezekano wa mwanafunzi kumaliza sekondari. Kwa lugha ya kwetu: shuleni yupo mwalimu ambaye kwenye chati ya ufaulu iliyobandikwa ukutani haonekani kabisa, ila watoto wake hawatoroki. Anachowaachia ni uamuzi wa kuendelea kuja.

Uamuzi huo hujengwa na kubomolewa kwa vitu vidogo mno, na mfano bora ninaoufahamu ulitokea hapahapa Tanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wavulana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, Mpemba akaingiza mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Saa moja na nusu baadaye wa kwake ulikuwa umeganda na wa mwenzake, ulioingia bila kuchemshwa, ulikuwa bado majimaji. Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Baadaye akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, na walipofikia kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu akaliuliza tena swali lake. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya walimwengu. Darasa likaidaka kauli hiyo. Tangu hapo akikosea hesabu, wenzake wanasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Fikiria hali hiyo kwa muda. Mwalimu alisema sentensi moja ya mzaha, pengine akaisahau kabla kengele ya mapumziko haijagonga. Wanafunzi wakaigeuza wimbo.

Kisha Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akatembelea shule hiyo. Mpemba akauliza swali lilelile mbele ya wote, na wenzake wakaona anajiaibisha na kuiaibisha shule. Osborne hakuamini, ila alisema atalijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alileta taarifa kwamba kweli maji ya moto yaliganda kwanza, akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja kwenye jarida la Physics Education, na jambo hilo hadi leo duniani hubeba jina la Mpemba. Wanafizikia bado wanabishana kama lipo kweli na kwa masharti gani, na mwenye kutaka ubishi huo ataupata kwa wingi. Mimi ninavutwa na tofauti kati ya yule mwalimu wa Mkwawa na Osborne. Wote wawili hawakuamini. Wa kwanza aliligeuza swali kuwa kasoro ya mwulizaji, wa pili akaliacha libaki swali.

Mpemba hakuwa kilaza. Lakini wangapi wa aina yake walibandikwa jina, na hakuna mgeni yeyote aliyepita shuleni kwao?

Kubandika jina kuna utaratibu wake, na wataalamu wamekuwa wakiuchunguza kwa zaidi ya nusu karne. Utafiti unaotajwa kuliko wote ni wa Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, uliochapishwa mwaka 1968. Katika shule moja ya msingi kule California waliwaambia walimu kwamba baadhi ya watoto wao, kama mmoja kati ya watano, wataonyesha maendeleo makubwa mwaka huo. Majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka watoto hao wa madarasa ya chini kabisa walikuwa wamewapita wenzao kwenye kipimo cha akili. Utafiti huu umetiwa chumvi sana kwenye semina za hamasa. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa wastani matarajio ya mwalimu yana nguvu ndogo, na mara nyingi mwalimu hutabiri sawasawa kwa sababu anawajua watoto wake. Ila nguvu hiyo huongezeka kwa watoto waliokwisha kudharauliwa na jamii, yaani maskini na wenye historia ya kushindwa. Hao ndio tunaowazungumzia.

Na matarajio hayapiti hewani kama uchawi. Yanapita kwenye vitendo unavyoweza kuvihesabu ukikaa nyuma ya darasa na saa ya mkononi. Mary Budd Rowe alifanya hivyo Marekani, miaka ya 1960 na 1970. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri sekunde moja hivi, kisha hujibu mwenyewe au humrukia mtoto mwingine. Akizoeshwa kusubiri sekunde tatu, majibu yanarefuka, na watoto waliokuwa kimya wanaanza kusema. Halafu likaja linalouma: walimu waliwapa muda mfupi zaidi wale waliowaona wazito. Mwanafunzi anayehitaji muda mrefu ndiye anayenyang'anywa upesi. Mwalimu hafanyi hivyo kwa chuki. Mara nyingi anamwonea huruma, hataki aaibike. Mtoto, kwa upande wake, anasoma ujumbe mmoja tu: mimi sitegemewi kujibu.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na ushauri kwamba mwalimu awe mpole tu kwa wanafunzi dhaifu. Upole unaopunguza kazi ni tusi lililovaa kanzu. Mwaka 2014 David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao walichapisha majaribio kuhusu insha za wanafunzi wa darasa la saba nchini Marekani. Insha zote zilisahihishwa kwa ukali wa kawaida, wino mwingi pembeni. Kisha nusu ya wanafunzi, bila mwalimu kujua ni nani, walibandikiwa kikaratasi kinachosema kwamba mwalimu ameyaandika hayo kwa sababu ana matarajio makubwa nao na anajua wanaweza kuyafikia. Wengine walipata kikaratasi cha kawaida kisichosema lolote kuhusu matarajio. Miongoni mwa wanafunzi Weusi, walioamua kuiandika upya insha walipanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi zaidi ya asilimia 70. Kikaratasi hakikupunguza kosa hata moja. Kilichobadilika ni maana ya wino: badala ya kusomeka kama hukumu ulisomeka kama kazi iliyobaki.

Lakini maneno mazuri, au hata vifaa, bila ufundi wa kuanzia pale mtoto alipo hayamfikishi mbali, na ushahidi wa hilo unatoka Kenya. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipima kilichotokea shule za magharibi mwa nchi zilipopewa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukusogea. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na kwa mwendo wa mtaala uliowaacha wengi nyuma zamani. Mtoto wa dawati la nyuma alikabidhiwa kitabu kipya ambacho hakuweza kukisoma. Msomaji wa Tanzania atakumbuka jambo kama hilo: mtoto aliyekuwa msemaji darasa la saba anaingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia inabadilika, anakuwa bubu ghafla, na ifikapo mwezi wa sita ameshaitwa mzito.

Jaribio jingine la magharibi mwa Kenya, lililoanza mwaka 2005 katika shule 121, linatoa picha ya pili. Shule ziliongezewa mwalimu wa mkataba wa darasa la kwanza, hivyo darasa likagawanywa mikondo miwili. Katika nusu ya shule hizo mgawanyo ulifuata kiwango cha mtoto, na nyingine zikagawa kwa bahati nasibu. Palipogawanywa kwa kiwango, watoto wa mkondo wa chini nao walipanda, na faida ilionekana hata mwaka mmoja baada ya mpango kwisha. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu aliweza, kwa mara ya kwanza, kuanzia pale watoto walipo. Nakubaliana na maelezo hayo, ila nina hofu na namna yanavyoweza kutumika. Tunajua mkondo wa "vipanga" na mkondo wa "vilaza" huishia wapi ikiachwa miaka saba. Njia ya shirika la Pratham la India, ambayo imeenea nchi kadhaa za Afrika, naiona salama zaidi: saa moja au mbili kwa siku watoto wanapangwa upya kwa kusoma na kuhesabu bila kujali darasa, wanapimwa mara kwa mara, wanahama kundi, kisha wanarudi kwa wenzao.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya mtoto huyo ni kiboko; kuhusu hicho nitasema kwa ufupi. Kenya ilikipiga marufuku mwaka 2001. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule, na mnajua wenyewe kanuni hizo zinaheshimiwa vipi. Kule Luwero, Uganda, shule 42 za msingi ziliingizwa kwenye jaribio la kubadili mwenendo wa walimu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizopata mpango huo, walioripoti kufanyiwa ukatili na wafanyakazi wa shule ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 31, dhidi ya 49 kwingineko. Alama za masomo hazikubadilika. Anayesema bila kiboko watoto hawasomi itabidi aeleze hapo.

Mwalimu mwenye watoto 110 darasani atasema haya yote ni ya vitabuni, na ana haki ya kukasirika. Hawezi kumfuatilia kila mmoja. Lakini sekunde mbili za ziada za kusubiri hazina bajeti. Kuandika "rudia kugawanya, anza na ukurasa wa 12, njoo Ijumaa nione" badala ya "aongeze bidii" kunawezekana kwa watoto watano wiki hii na watano wengine wiki ijayo.

Kisichowezekana kwa mwalimu peke yake ni kubadili namna anavyopimwa. Shule zetu hupimwa kwa wastani wa ufaulu, na njia nyepesi ya kupandisha wastani ni kumwondoa anayeushusha: mzazi anaitwa, anashauriwa amhamishe mtoto, au arudie darasa, kabla ya usajili wa mtihani wa taifa. Kwa kipimo hicho, mwalimu aliyemzuia mtoto asiache shule ameiharibia shule takwimu. Wastani huohuo hufanya walimu hodari wapelekwe kwenye madarasa ya mitihani, huku darasa la kwanza, ambako mtoto anajifunza kama yeye ni mtu wa shule au la, likipewa yeyote aliyebaki. Mzazi mwenye mtoto anayesuasua, ukienda kwenye kikao cha shule, acha kuuliza shule ina wastani gani wa ufaulu. Uliza ni nani anafundisha darasa la kwanza, na alichaguliwa kwa kigezo gani.