Je, Wajua? Wazazi wameachana, mtoto anadai kiasi gani?

Je, wajua kwamba Burundi haina jedwali la serikali linalosema mtoto mmoja ni faranga kadha na wawili ni kadha? Wazazi wakiachana Bujumbura, kiasi cha matunzo hukadiriwa na hakimu wa mahakama ya ngazi ya chini, ile inayoitwa kwa Kifaransa Tribunal de Résidence. Sheria anayoishika mkononi ni Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993. Anapima mambo mawili: mtoto anahitaji nini, na mzazi ana uwezo gani.

Wajua kipimo hicho kina zaidi ya miaka 200? Kimo katika sheria ya kiraia ya Napoleon ya mwaka 1804. Ubelgiji iliirithi, ikaipakia kwenye meli pamoja na mizigo mingine ya ukoloni, nasi tukabaki nayo.

Na wajua dini ya Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ilikuwa na kipimo kinachofanana nacho kabla Napoleon hajazaliwa? Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inamtwika baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na inasema mtu asikalifishwe zaidi ya uwezo wake. Sura ya At-Talaq, aya ya 7, inaongeza kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake. Tena kuna hadithi ya Hindi binti Utba, aliyemshtaki mumewe Abu Sufyan kwa ubahili. Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mume kiasi cha kumtosha yeye na mwanawe, kwa ada inayokubalika. Hakutajiwa idadi ya dirhamu.

Je, wajua kwamba ndoa ya sheikh peke yake, au ya padri peke yake, serikali ya Burundi haiihesabu? Inayotambuliwa ni ile iliyoandikwa kwenye ofisi ya komini. Ndiyo maana mwaka 2017 utawala wa Rais Nkurunziza uliwapa watu wanaoishi pamoja bila kuandikishwa hadi mwisho wa Desemba wawe wameoana kisheria. Lakini haki ya mtoto haisimami juu ya harusi ya wazazi wake. Inasimama juu ya ubaba: ama baba amemtambua mtoto, ama mahakama imeutamka. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba kina nguvu kuliko picha zote za sherehe. Mama anayejifungua leo akaahirisha kuandikisha mpaka mambo ya nyumbani yatulie anajitengenezea kesi ya kesho.

Wajua nani ni rahisi kumkadiria? Mwalimu, askari, karani wa benki. Mshahara wao una karatasi, na mahakama inaweza kuamuru sehemu yake ikatwe kabla haijafika mfukoni. Hapo hesabu ni ya dakika chache.

Sasa mchukue fundi wa magereji ya Buyenzi. Leo ameshusha injini ya Toyota, kesho hana kazi, keshokutwa kalipwa kwa vipuri badala ya pesa. Mbele ya hakimu atasema hana kitu, na huenda siku ile kweli hana. Hapo mama asiye na maandishi amekwama, kwa sababu anayedai ndiye anayetakiwa kuonyesha. Aonyeshe nini? Kodi ya nyumba anayoishi huyo bwana. Pikipiki aliyonunua baada ya kuachana. Karo anayomlipia mtoto wa mke mpya katika shule ya kibinafsi, maana anayeweza huko hashindwi huku. Mashahidi wa mtaani wanaojua gereji ina vijana wangapi chini yake. Upande wa pili wa mizani, yaani mahitaji ya mtoto, nao unataka karatasi: stakabadhi za shule, risiti za famasi, bei ya unga na maharage sokoni. Kwa maoni yangu, kesi nyingi za matunzo hupotea hapa hapa, kwenye mfuko wa plastiki usio na risiti hata moja. Jedwali lingekuwepo lingewasaidia akina mama hao kwanza.

Ila jedwali nalo lina vituko vyake. Je, wajua kwamba kima cha chini cha mshahara Bujumbura kiliwekwa mwaka 1988, faranga 160 kwa siku? Kwa siku 26 za kazi ni faranga 4,160. Jimbo la Wisconsin, Marekani, hukata asilimia 17 ya mapato kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 29 kwa watatu. Ukiileta asilimia hiyo juu ya kima chetu, mtoto wa mtaa wa Kinama atapata faranga 707 kwa mwezi, karibu robo ya dola kwa bei rasmi. Hesabu imekamilika, mtoto hajala.

Uingereza ni asilimia 12 kwa mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu na kuendelea, kwa baba au mama mwenye kipato cha kawaida. Ujerumani wana Jedwali la Düsseldorf, lililoanza mwaka 1962: unatafuta mstari wa kipato, unashuka kwenye safu ya umri wa mtoto, unasoma kiasi. Kanada walipata miongozo yao tarehe 1 Mei 1997, kwa hiyo Mrundi wa Ottawa anaweza kuijua hesabu yake kabla hajamwona wakili.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuwa na kiwango cha sheria, nacho kikawa aibu? Sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa ilikomea shilingi 100 kwa mwezi, na shilingi 100 hizo ziliendelea kukaa kitabuni wakati haziwezi tena kununua kitu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta. Siku hizi hakimu wa Kigoma huangalia kipato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, na gharama za maisha za pale anapoishi mtoto.

Kenya je? Katiba ya 2010, ibara ya 53, inawabebesha baba na mama mzigo sawa, wawe wameoana au la.

Wajua Uvira, ng'ambo tu ya ziwa, kila mtoto lazima awe na baba? Ndivyo inavyosema Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987. Ubaba ukishindwa kuthibitika, mtoto hupewa baba wa kisheria, ama kutoka ukoo wa mama, ama mtu anayetajwa na mama mwenyewe, naye huchukua wajibu wa baba. Wajomba wa Uvira, mmesikia.

Je, wajua kwamba hukumu ya matunzo huchakaa? Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa rasmi kutoka takriban 2,100 hadi karibu 2,900 kwa dola, na bei za mwaka ule zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Kiasi kilichoamriwa 2021 kinabaki vile vile kwenye karatasi mpaka mmoja wa wazazi arudi mahakamani kuomba kipimwe upya. Milango iko wazi kwa wote wawili: mama huomba kiongezwe, baba aliyefukuzwa kazi huomba kipunguzwe. Baba aliyeko Brussels ana ubishi wake wa ziada. Akitumiwa hukumu ya faranga, atabadilisha euro zake kwa bei ipi, ya benki au ya mtaani? Tofauti imewahi kupita mara mbili. Mwenye akili huomba hukumu itaje euro.

Wajua utu uzima wa kiraia Burundi ni miaka 21, si 18? Baba anayehesabu siku mpaka mtoto atimize 18 ahesabu tena.

Na wajua kwamba deni hili huja kugeuka? Katika sheria zenye asili ya Napoleon, yetu ikiwemo, mtoto mkubwa naye anawajibika kumtunza mzazi aliyeishiwa. Ufaransa wameweka kipengele zaidi: hakimu anaweza kumsamehe mtoto ambaye mzazi huyo alimtelekeza vibaya alipokuwa mdogo.