Unataka Kupima Betri na Arduino? Soma Hii Kabla Uichome

Msee wa hosteli pale Ruiru ama Thika mwenye projekti ya sola, hii ni yako. Pini za analogi za Arduino Uno husoma volti 0 hadi 5 pekee. Betri ya 12 ikichajiwa hufika 14.4. Ukiichomeka moja kwa moja, ubao unaungua, na projekti imeenda.

Dawa ni rezista mbili za bei ya mandazi. Ya kilo-omu 20 inatoka chanya ya betri, ya 10 inaenda graundi, pini inasoma pale zinapokutana. Graundi ya betri na ya Arduino ziunganishe, ama utasoma uongo. Volti inagawanywa kwa 3: 14.4 inakuwa 4.8.

Lakini kuna bei. Uno hugawa zile volti 5 kwa hatua 1,024, kila moja milivolti 5 hivi. Ukiweka rezista, hatua inakuwa karibu 15. Kwa betri, hiyo ni sawa tu.

Kwa sensa ya joto LM35 ya banda la vifaranga, inayotoa milivolti 10 kwa digrii, hiyo ni noma. Hapo toa rezista, kisha weka rejea ya ndani ya volti 1.1 kwa kodi (ya programu, si ya landlord). Hatua inashuka hadi milivolti moja hivi, yaani sehemu ya kumi ya digrii.