Gari la waya na kidonda kidogo

Ukipita katika mitaa ya Malindi au Kilifi wakati wa jioni, si ajabu kupishana na watoto wanaoshindana kwa magari ya waya. Bodi ni waya au mkebe wa mafuta, magurudumu yamekatwa kwenye ndara kuukuu, na usukani umefungwa kwenye kijiti kirefu ili dereva aendeshe huku akikimbia.

Usiwafukuze. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na mbio hizi humpa sehemu kubwa ya hizo bila kulazimishwa. Watu wazima nao wanahitaji michezo ya pamoja. Ripoti ya WHO ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, ambao huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi. Huko Uingereza magari madogo ya umeme ya Scalextric yalianza kuuzwa mwaka 1957, na hadi leo wazee wenye mvi hukutana kuyaunda na kushindana. Basi nawe baba unayeketi barazani, hakuna aibu kushika koleo umsaidie mwanao.

Tatizo ni ncha ya waya. Mtoto hudungwa kiganjani au mguuni, hunyonya damu, huendelea kucheza. Hapo ndipo pepopunda hupata njia.

Wengi hudhani kutu ndiyo huleta pepopunda. Sivyo. Huletwa na bakteria ambao mbegu zao hukaa muda mrefu katika udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo hata waya mpya ulioanguka njia ya mbuzi una hatari. Kidonda chembamba chenye kina ni kibaya zaidi, kwa kuwa bakteria hao hustawi pasipo hewa. Kwa kawaida dalili huanza baada ya siku 3 hadi 21, pengine kidonda kimeshasahauliwa: taya hukaza, shingo na mgongo hukakamaa, misuli hushtuka kwa maumivu makali. Jina lenyewe limewapoteza wengi wakamwita mganga kupunga pepo. Huyo ni mgonjwa wa hospitali, tena upesi.

Mtoto akidungwa, osha kidonda kwa sabuni na maji safi mengi yanayotiririka. Usipake jivu, kinyesi wala dawa ya meno. Kisha mpeleke zahanati, na uchukue kile kijitabu chake cha kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 humkinga, lakini nguvu zake hupungua kadiri miaka inavyopita, na mhudumu ndiye atakayeamua kama anahitaji sindano nyingine. Wewe uliyeshika koleo je, ulichanjwa lini mara ya mwisho?

Kabla ya mashindano, pinda kila ncha ya waya iingie ndani, na wakimbiaji wavae viatu. Gari likiwa na mota, chunga betri ndogo za duara mfano wa kifungo. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Usingoje aitoe chooni. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.